Utangulizi wa Somo la Ishara

Kwa mhandisi, ishara ni kiasi chochote kinachobadilika kikabeba taarifa: volti kwenye waya, joto la injini, sauti inayoingia kwenye maikrofoni. Kabla hujaichuja, kuikuza au kuirusha hewani, sharti uijue aina yake, maana hesabu inayofaa aina moja huvurugika ikipelekwa kwa nyingine.

Wengi hukwama mapema kwa kuchanganya maswali mawili. La kwanza ni la wakati: je, ishara ina thamani kila nukta ya muda, au kwa vipindi tu? La pili ni la thamani yenyewe: je, yaweza kuwa namba yoyote, au lazima iangukie kwenye ngazi zilizopangwa? Mvua inayopimwa kila siku saa tatu asubuhi ni ishara ya vipindi, lakini kiasi chake chaweza kuwa milimita zozote, mpaka mpimaji akikadirie na kukiandika. Ishara ni dijitali pale tu wakati na thamani vyote viwili vimekatwakatwa.

Tazama simu. Katika mfumo wa kawaida wa simu za mezani, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo hupewa ngazi moja kati ya 256, yaani biti 8. Jumla ni biti 64,000 kwa sekunde. Kwa nini 8,000? Sauti ya simu huishia karibu na hezi 3,400, na nadharia ya sampuli, inayohusishwa na Nyquist, Kotelnikov na Shannon, hutaka kasi ya kupima izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa. Sharti hilo likitimia, ishara ya awali yaweza kurudishwa nzima kutoka kwenye sampuli, yaani vipimo hivyo. Kuikata thamani ni jambo jingine: kilichopotea kwenye kukadiria hakirudi. Binafsi naona tofauti hii ndiyo jambo zuri kuliko yote katika somo hili, nayo hufundishwa kwa haraka mno.

Migawanyo mingine ni myepesi. Umeme wa majumbani wa hezi 50 hujirudia kila milisekunde 20. Mlio wa radi haujirudii. Wimbi la sini hutabirika kwa fomula, ilhali kelele itokanayo na joto ndani ya rezista, ambayo Johnson aliipima na Nyquist akaieleza mwaka 1928, huelezwa kwa takwimu tu. Pigo fupi hupimwa kwa nishati yake yote. Ishara isiyokoma wala kufifia hupimwa kwa wastani wa nguvu, kwa kuwa nishati yake haina kikomo.

Anayeanza anahitaji trigonometria na namba changamano. Kama zimekutoka kichwani, zirudie kwanza, ndipo ufungue sura ya kwanza.