Paka Atapikaye na Sababu Haijulikani

Paka katika nyumba zetu hana mlango anaofungiwa. Hupita katikati ya watoto wakisoma, hulala juu ya mkeka wa kusalia, na hunywa maji ya chomboni wala hatuyamwagi. Ruhusa hii hatukujipa wenyewe. Imepokewa katika Hadithi kwamba Kabsha binti Kaab alimmiminia Abu Qatada, baba wa mumewe, maji ya kutawadha. Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Bibi yule alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzungukia majumbani.

Walakini huyu huyu aliye tahiri, matapishi yake ni najisi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nayo hayachagui mahali. Leo ni juu ya msala, kesho ni juu ya godoro la mtoto, na siku ya tatu mama wa nyumba huwa amekwisha choka. Hapo ndipo lisikikapo neno, "Mtieni kikapuni mkamtupe sokoni." Nimelisikia katika nyumba za watu wema, wenye kusali na kutoa sadaka, na wanafunzi wangu wameniuliza zaidi ya mara moja kama jambo hilo lafaa.

Wenye kulitetea shauri hili husema kwamba yule mwanamke wa katika Hadithi aliadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Nao, wasema, hawamfungii bali wamfungulia. Hoja hii siikubali. Paka aliyezaliwa jikoni na kulishwa kwa mkono, akitupwa hali mgonjwa katikati ya paka wa soko la samaki, hakufunguliwa. Amenyimwa chakula kwa njia nyingine. Na wanavyuoni wetu wameandika wazi kwamba mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Basi tukiweke kikapu, tuutazame ugonjwa.

Kwanza, jueni kama paka ametapika au amecheua. Atapikaye hujikunyata, tumbo likajikaza kwa nguvu mara kadha wa kadha, kisha hutoa kitu. Acheuaye haoni taabu hiyo. Chakula hurudi chenyewe punde tu baada ya kula, kingali hakijasagika, mara nyingi kwa umbo refu kama mrija. Huyu huenda amekula kwa pupa, au ana maradhi ya umio. Daktari wa wanyama atauliza swali hili mapema, na asiyetazama hataweza kumjibu.

Kisha kuna manyoya. Ulimi wa paka una vimiba vidogo vilivyoelekea nyuma, hivyo kila ajilambapo humeza manyoya. Mengi hutoka na mavi, na machache hurudi kwa kutapika yakiwa yamesokoteka kama kidole. Likitokea mara moja moja si la kutisha, na kumchana hulipunguza. Lakini watu wamelifanya jibu la kila kitu. Paka hutapika kila juma, amekonda hata mifupa ya mgongo yahesabika, na wenyewe wakali wakisema ni manyoya tu.

Vyakula vyetu navyo vina sehemu yao. Twapenda kumwekea paka kisahani cha maziwa, na hali paka aliyekwisha kuwa mzima aghalabu hawezi kuyasaga maziwa barabara. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu na thomu hudhuru damu yake. Watoto wa paka hupata minyoo katika maziwa ya mama yao, na mara nyingine huitapika, mithili ya tambi. Watoto wa nyumba nao wanaweza kuambukizwa minyoo hiyo, basi wanawe mikono kwa sabuni. Katika nchi za joto kama zetu, paka alaye mijusi aweza kupata mnyoo wa ini, ambao wataka dawa na kipimo chake cha pekee. Na katika nyumba zishonwazo kofia, nyuzi zisiachwe sakafuni. Uzi uliomezwa huweza kunasa chini ya ulimi na mwisho wake ukaenda matumboni, ukayakata. Mkiuona umening'inia kinywani au nyuma, msiuvute. Mpelekeni paka kwa daktari hivyo hivyo.

Lililo zito kuliko yote ni dawa za binadamu. Mtu humhurumia paka wake, akampa nusu ya kidonge cha parasitamoli, ile ambayo wengi huiita Panadol, akidhani amemtibu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Kadhalika sumu ya panya, hata ile iliyo katika tumbo la panya aliyekufa. Na yale maua ya yungiyungi ya mashada ya arusi (si yungiyungi la ziwani) huharibu figo zake, hata akilamba unga wake tu.

Asiyengojewa hata kesho ni huyu: atapikaye tena na tena katika siku moja wala hakizuii hata maji, atapikaye damu, mtoto wa paka asiyechanjwa, aliyelegea, paka dume ajikamuaye kukojoa na mkojo usitoke, na yule ambaye ngozi ya mabega ikivutwa juu hukawia kurudi, maana maji ya mwili yamepungua.

Lakini wengi hawamo katika hao. Wengi ni kama paka jike mmoja wa mtaani kwetu, wa miaka mitano, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akitapika povu la manjano kabla ya alfajiri, mara tatu kwa juma, kisha akaamka akacheza. Bibi wa nyumba ile alisema ni husuda. Baba alikuwa upande wa kikapu. Binti yao wa miaka kumi na miwili, ambaye ni mwanafunzi wangu, hakubishana na wazee wake. Alichukua daftari akaandika kila siku alichokula paka, saa aliyotapika na kilichotoka. Bwana mifugo alimpa paka dawa ya minyoo, hapakuwa na badiliko. Wakaenda kwa daktari mjini, akapimwa damu, na hakuonekana kitu.

Baba akauliza kama fedha zake zimekwenda bure. Daktari akamjibu kwamba sasa inajulikana kwamba hakuna dalili ya ugonjwa wa figo, wala wa ini, wala wa sukari. Vilibaki vipimo vya picha na vya kukata kipande cha utumbo, navyo vina gharama kubwa, na ada za shule zilikuwa zimekaribia. Mimi simlaumu baba yule kwa kusimama hapo. Mtu hatakiwi kuwapokonya wanawe kwa ajili ya paka. Ila kati ya kulipa kila kitu na kikapu cha sokoni pana nafasi kubwa, nayo haina gharama nyingi.

Kwa shauri la daktari walimlisha chakula cha namna moja tu kwa majuma manane, nyama ya mbuzi iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, asiyopata kuila kabla, ili ijulikane kama tumbo lake lakataa chakula fulani. (Nyama tupu haimtoshi paka kwa muda mrefu; kipindi hiki kina mwisho wake.) Chakula kiligawanywa mara nne, na fungu la mwisho hupewa usiku watu wakienda kulala, kwa kuwa povu lile la nyongo hutoka tumbo likiwa tupu. Kila mwezi hupimwa uzito kwenye mizani ya duka. Hivi sasa hutapika mara moja au mbili kwa mwezi, uzito haukupungua, na sababu haijajulikana hata leo.

Uzito huo ndio wa kuangaliwa, hasa kwa paka mzee. Akila sana na huku akikonda, huenda ni tezi la shingo, maradhi ambayo madaktari wa New York waliyaeleza kwa paka mwaka 1979, nayo yana dawa. Naye paka aliyenona akikataa chakula siku mbili tatu, msimngoje. Ini lake huharibika kwa njaa hiyo.

Ama kusafisha, kwanza kitazameni kilichotoka, na kikiwa kigeni machoni penu mkiweke katika kichupa cha kumwonyesha daktari. Ondoeni kilichopo, kisha mmwage maji mpaka rangi na harufu iishe. Zile dawa za kusafishia ambazo zikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa ni sumu kwa paka, kwa kuwa hukanyaga sakafu ikiwa mbichi kisha akailamba miguu yake. Mkiwa hamna budi kuzitumia, suuzeni kwa maji mengi, na paka akae nje mpaka sakafu ikauke.