"Mumbo jumbo" si mambo wala jambo: neno la Kiingereza lilitoka Gambia, likabandikwa Kongo

Ukisikia Mwingereza ao Mmarekani anatamka "mumbo jumbo", unaweza kufikiri anakusalimia. Mudomoni mwao inatoka karibu sawa na "mambo, jambo". Kumbe hapana. Anasema kwamba maneno yenye ametoka kusikia hayana maana: porojo, maneno ya bure, ile watu wengi wa Goma na Bukavu wanaita blabla.

Wako hata watu wenye kusema kwamba Wazungu walichukua neno hili kutoka Kiswahili. Si kweli. Lilianza kuandikwa mbali sana na Waswahili, upande mwingine wa Afrika, na mwanzoni halikuwa na maana ya upuuzi hata kidogo.

Leo Waingereza wanalitumia kwa namna mbili. Ya kwanza ni malalamiko. Mtu anapewa mkataba wa nyumba wa kurasa kumi, anasoma mistari miwili, anauweka chini na kusema ni "mumbo jumbo" ya watu wa sheria. Maneno ya daktari, ya benki, ya wanasiasa, yote yanaweza kuitwa hivyo kama yamefungwa kusudi mtu wa kawaida asisikie. Namna ya pili ni dharau. Mtu anaona sala, desturi ao dawa za watu wengine, haelewi kitu, anasema ni "mumbo jumbo" tu. Hapo neno linauma, na kusikia sababu yake inafaa kurudi nyuma karibu miaka 300.

Kati ya mwaka 1730 na 1735, Mwingereza mmoja, Francis Moore, alikuwa karani wa kampuni ya Royal African Company kwenye mto Gambia. Kampuni ile ilikuwa inauza watu utumwani, ni vizuri kulikumbuka hilo wakati tunasoma shahidi kama huyu. Moore alirudi kwao, na mwaka 1738 akatoa kitabu juu ya safari yake. Ndani anaeleza kitu chenye Wamandinka waliita Mumbo Jumbo: mtu mwenye kuvaa kanzu ndefu ya maganda ya miti, na majani juu ya kichwa, hata urefu wake unapita wa mtu yeyote. Alikuja usiku, na sauti ya kutisha. Wanaume walijua ni nani iko ndani. Wanawake walikatazwa kujua. Wanaume walikuwa wameapa, na walikuwa na lugha yao ya siri.

Kazi yake? Kutawala wanawake. Bwana akigombana na bibi, Mumbo Jumbo aliitwa kukata maneno, na Moore mwenyewe aliona kwamba mara nyingi hukumu iliegemea upande wa bwana.

Miaka 60 hivi baadaye, mnamo Desemba 1795, Mskoti Mungo Park alipita mji mmoja unaoitwa Kolor. Penye kuingilia mji aliona vazi la maganda limetundikwa juu ya mti. Alielezwa kwamba kama wake wa mtu mmoja wanagombana mno, Mumbo Jumbo anatokea porini giza likiingia, anapiga kelele, halafu anaingia mjini. Watu wote wanakusanyika, wamama pia, maana hakuna mwenye kuthubutu kubaki nyumbani. Wanaimba na kucheza mpaka usiku wa manane. Ndipo Mumbo anaonyesha mwanamke mwenye kosa. Anavuliwa nguo, anafungwa kwenye nguzo, anachapwa fimbo mbele ya watu wote. Park aliandika kwamba wanawake wenzake njo walikuwa wanapiga kelele zaidi juu yake. Mwenye kusoma hilo leo hahitaji kuelezwa kwa nini walipiga kelele hivyo: kila mmoja alijua angeweza kuwa yeye.

Na siri yenyewe haikuwa mchezo. Moore anasimulia kwamba karibu mwaka 1727 mfalme wa Jagra alishindwa na maulizo ya bibi yake, akamfunulia jambo lote. Bibi akaambia marafiki. Habari ikafikia adui za mfalme. Walivaa vazi la Mumbo Jumbo, wakaenda mjini kwake, wakamwita nje. Hakukana. Wakamwita na bibi, wakawaua wote wawili palepale.

Basi, kwa watu wa Gambia Mumbo Jumbo alikuwa mahakama, polisi na fimbo pamoja. Kila mtu alisikia vizuri kabisa alichotaka. Mwenye hakusikia alikuwa mgeni. Lakini vitabu vilisomwa London, si Gambia, na huko jina likaanza kutembea peke yake. Kwanza likawa jina la sanamu yoyote ya Afrika. Katika karne ya 19 likawa kitu chochote chenye watu wanakiheshimu bila kufikiri. Mwisho likawa maneno matupu. Kile wanawake wa Kolor walikiogopa, wasomaji wa Uingereza wakakigeuza kichekesho, na fimbo ikasahauliwa.

Namna gani Kongo iliingia? Mwaka 1914 mshairi wa Marekani, Vachel Lindsay, alitoa shairi lenye jina "The Congo". Alieleza kwamba sehemu ya wazo ilitoka kwenye mahubiri kanisani kwao, juu ya mmisionari Ray Eldred aliyekufa maji katika tawi moja la mto Kongo. Katika shairi lile Lindsay alimfanya Mumbo-Jumbo kuwa mungu wa Kongo. Ni kosa la ajabu, maana kutoka mto Gambia mpaka mto Kongo ni maelfu ya kilometa, na lugha na desturi ni zingine kabisa. Lakini kwake Afrika ilikuwa kijiji kimoja. Shairi lilipendwa, Lindsay alilisoma kwa sauti mbele ya watu wengi, na Wamarekani wengi walijifunza hivyo kuunganisha jina Kongo na ngoma, hofu na upuuzi. W. E. B. Du Bois, mwandishi na mtetezi wa haki za Weusi, alimpinga kwa maandishi. Mwaka 1972 mwandishi Mweusi wa Marekani, Ishmael Reed, alichukua neno lilelile akaliweka juu ya riwaya yake, *Mumbo Jumbo*, kusudi aligeuzie wenye kulidharau.

Kule Senegal na Gambia mtu wa vazi la maganda hajapotea. Kankurang, mwenye kulinda vijana wakati wa tohara, angali anatoka akivaa nyuzi nyekundu za mti, na mwaka 2005 UNESCO ilitangaza desturi yake kuwa urithi wa ulimwengu wote.

Kwa hiyo mwenye kujifunza Kiingereza huku mashariki, ao mwenye kufanya kazi na mashirika, anaweza kulitumia neno hili juu ya mkataba usiosomeka, hakuna atakayeshangaa. Juu ya sala ya mtu ao desturi ya wazee, aache.

Na kama shida ni ripoti zenye maneno mazito tu, Kiingereza kina neno lingine lisilotukana taifa lolote: "gobbledygook". Maury Maverick, mwanasiasa wa Texas aliyeongoza shirika moja la serikali Washington, alilitunga mwaka 1944 kwa kuiga kelele za dindon. Aliwaandikia wafanyakazi wake waandike mafupi na wazi, akatania kwamba atakayetumia neno "implementation" atapigwa risasi. Neno lile halikufa. Hata mikutano ya mashirika Goma ingali inalisikia.