Nani Huisahihisha Saa ya Simu?

Hapo zamani, katika milima ya Masisi, mtu aliyetaka kujua wakati alitazama jua, au alingoja kusikia jogoo na kengele ya misioni. Siku hizi hutazama simu yake. Je, wasomaji wapenzi, mmepata kujiuliza kwa nini simu za watu kumi huonyesha dakika ileile, hali saa za ukutani hazipatani hata mbili?

Ndani ya saa nyingi mna kijiwe cha kwatsi kinachotikisika kwa nguvu ya umeme, na mitikisiko hiyo ndiyo huhesabiwa. Lakini joto na baridi hukibadili, hata saa ikakosea sekunde kadhaa kwa mwezi. Simu nayo ina kijiwe hicho. Ila yenyewe hukubali kusahihishwa.

Mwalimu wake ni atomu. Mwaka 1955, huko Teddington nchini Uingereza, wataalamu Louis Essen na Jack Parry waliunda saa iliyofuata mtikisiko wa atomu za sesiamu, mtikisiko usiochakaa wala kuchoka. Mwaka 1967 mataifa yalipatana kwamba sekunde moja ni mitikisiko 9,192,631,770 ya namna hiyo. Leo saa za atomu zimo katika setelaiti za GPS, kiasi cha kilometa 20,000 juu ya vichwa vyetu. Minara mingi ya simu hupokea wakati kutoka huko, kisha huupeleka mfukoni mwetu.

Basi tuangalie mambo mawili. Kwanza, mahali pasipofika mnara, kama katika pembe nyingi za msitu wa Walikale, simu hubaki na kijiwe chake tu, ikaanza kukosea kidogo kidogo. Pili, atomu hutoa sekunde, haichagui saa ya nchi. Kongo yetu ina saa za namna mbili: adhuhuri ikifika Masisi, Kinshasa bado imebakiza saa nzima. Simu iliyowekwa kwa mkono katika saa ya Kinshasa itakuwa sahihi kwa sekunde, lakini itamchelewesha mwanafunzi saa nzima, naye aukute mlango wa mtihani umefungwa.

Kwa hiyo, enyi wazazi, jioni ya kuamkia mtihani linganisheni simu ya mtoto na ya jirani. Atomu haikosei hesabu. Anayekosea ni mkono wa mtu.