Ganda na fataki: kwa nini risasi iliyotumika haijazwi ovyo

Msikilizaji, ganda la risasi likiokotwa shambani huonekana zima. Linang'aa, halina ufa, na mtu hujiuliza: kwa nini lisitiwe baruti likatumika tena? Marekani, Ulaya na Afrika Kusini wapo wawindaji wenye vibali wanaojaza risasi zao wenyewe. Lakini hata wao hulitupa ganda kwa dosari ndogo tu. Tuone wanaangalia nini.

Risasi ya kuwindia ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Pini ya bunduki hugonga fataki iliyo kwenye kitako cha ganda. Fataki hutoa moto, baruti huwaka, na gesi yake hukisukuma kichwa nje ya mtutu. Nguvu ya gesi hiyo huzidi mara 1,000 ya upepo uliomo kwenye tairi la gari. Kinachoizuia isirudi usoni kwa mpigaji ni ganda.

Ganda zuri ni la shaba ya manjano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Shaba hiyo hutanuka risasi ikilia, ikaziba kila upenyo, kisha ikanywea kidogo ili ganda litoke. Kila likipigwa huzidi kuwa gumu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Ndiyo maana mjuzi huangalia shingo kama ina ufa. Huangalia pia juu kidogo ya kitako: mstari unaong'aa kuzunguka ganda ni dalili kwamba limekonda na litakatika hapo. Fataki ikiingia bila kubana, ganda limekwisha.

Maganda hayalingani hata yakiwa ya bunduki ya aina moja. Mengi ya kijeshi yana kuta nene, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ileile ikitiwa humo, nguvu hupanda kupita kiasi. Kwa sababu hiyo wajuzi hawachanganyi maganda ya viwanda tofauti.

Fataki nayo ina aina zake. Kuna kubwa na ndogo, za bunduki na za bastola. Ya bastola ina kikombe chembamba; ikitiwa kwenye risasi ya bunduki, inaweza kutoboka na gesi ikarudi nyuma. Pia kuna ganda lenye tundu moja katikati chini ya fataki, na lenye matundu mawili madogo. La tundu moja ni rahisi kutolewa fataki iliyotumika, na ndilo wajazaji hulipenda.

Historia ya kwetu ina funzo. Fataki za zamani za risasi ya .303, zilizotumiwa na askari wa Keya, zilikuwa na kemikali iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyovuta unyevu na kulila chuma. Askari walimwaga maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha na kuupaka mafuta. Baadhi ya fataki hizo zilikuwa pia na zebaki, ambayo hudhoofisha shaba ya ganda bila kuonekana kwa nje. Fataki za kisasa hazina chumvi hiyo, lakini unyevu na mafuta bado huziharibu. Fataki iliyoharibika yaweza kuchelewa kuwaka: mtu anadhani haikulia, anaifungua bunduki, na hapo inalia.

Sasa turudi hapa Mtambile. Tanzania haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Sheria ya silaha na risasi ni ya mwaka 2015. Fundi anayejaza maganda kwa kukisia hana mizani ya kupimia baruti wala jedwali la kiwanda, na hawezi kujua ganda hilo limeshapigwa mara ngapi. Gharama yake ni jicho, mkono au roho.

Ukiokota risasi, usiigonge, usiitie motoni, wala usiiweke kwenye mzigo wa vyuma chakavu. Hata ikiwa haina kichwa, fataki yake inaweza kuwa hai. Waondoe watoto mahali hapo, kisha mwite sheha au polisi waje kuichukua.