Kuomba Ushauri Ukiwa Umeshafunga Mizigo

Kila semina ya uongozi hapa chuoni lazima Rehoboamu atajwe. Habari yake mnaijua: watu wanamwomba mfalme mpya awapunguzie mzigo, wazee wanamshauri akubali, vijana wenzake wanamwambia akaze, anakaza, na makabila kumi yanajitenga. Kisha mzungumzaji anatugeukia na kutuambia tuwasikilize wazee. (Kwa taarifa tu, Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41, kwa hiyo hao vijana waliokua pamoja naye hawakuwa wa mwaka wa kwanza.)

Sina ugomvi na somo hilo. Ila naona kosa la Rehoboamu silo letu hasa. Wengi wetu tunajua vizuri nani wa kumuuliza, na tunakwenda kumuuliza. Shida yetu inafanana zaidi na ya jamaa mmoja ambaye semina humsahau, Yohanani mwana wa Karea. Msome kwenye kitabu cha Yeremia, kuanzia sura ya 40 hadi ya 43.

Yerusalemu ulikuwa umeanguka mikononi mwa Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo kwa hesabu ya wengi. Hekalu limechomwa, na mfalme Sedekia amepofushwa macho na kufungwa pingu. Sedekia naye alikuwa hodari wa kuomba ushauri: alimwita Yeremia kwa siri, akaambiwa akijisalimisha mji utapona, kisha akamsihi nabii asimwambie mtu walichozungumza. Basi, ikaishia hapo. Wababeli waliwaacha maskini nchini, wakawapa mashamba, na kumweka Gedalia awe liwali huko Mispa. Maisha yakaanza kurudi. Waliokuwa wamekimbilia Moabu, Amoni na Edomu wakarejea, wakavuna zabibu na matunda kwa wingi.

Yohanani anaingia hapa, tena kama mshauri. Alikuwa mmoja wa maofisa wa jeshi waliobaki porini, na alipata habari kwamba Ishmaeli, mtu wa ukoo wa kifalme, ametumwa na mfalme wa Waamoni amuue Gedalia. Akaenda kumwambia. Gedalia hakuamini. Yohanani akamfuata tena faraghani, akajitolea kwenda kummaliza Ishmaeli kimya kimya. Gedalia akakataa, akamwambia anamsingizia mwenzake.

Hapa mimi huwa nasita kumlaumu Gedalia moja kwa moja. Kukataa kumuua mtu kwa sababu ya tetesi ni jambo la haki kabisa. Lakini taarifa na pendekezo ni vitu viwili. Pendekezo lilikuwa baya, taarifa ilikuwa ya kweli, naye akavitupa vyote pamoja. Nani alimzuia kuongeza walinzi? Mwezi wa saba Ishmaeli alikuja Mispa na watu kumi, wakakaa wakala chakula pamoja na Gedalia, kisha wakainuka wakamuua.

Kwa hiyo Yohanani alijua kwa uchungu maana ya mtu kupewa ushauri wa kweli akaudharau. Ungetegemea yeye ndiye angekuwa msikivu kuliko wote. Alimfuata Ishmaeli, akawaokoa mateka huko Gibeoni, akawa kiongozi wa mabaki wale. Halafu akawapeleka kusini, wakapiga kambi karibu na Bethlehemu. Ukiangalia ramani utaelewa: Gibeoni iko kaskazini mwa Yerusalemu, Bethlehemu iko kusini, kwenye uelekeo wa kwenda Misri. Na andiko lenyewe halifichi, linasema walikuwa na nia ya kwenda Misri, maana waliogopa Wababeli wangelipiza kifo cha liwali wao.

Wakiwa hapo, wakubwa kwa wadogo, ndipo wakamwendea Yeremia. Maneno yao yalikuwa mazuri mno. Walimwomba awaombee kwa Mungu awaonyeshe njia, wakaapa kwamba jibu liwe tamu au chungu, watalitii. Ungekuwepo ungesema, naam, hawa ni viongozi wacha Mungu.

Jibu lilichukua siku kumi. Hizo siku kumi nimezifikiria sana. Yeremia, nabii mzima, hakuwa na jibu mfukoni, na hakutunga la kwake ili kuwaridhisha watu wenye hofu. Kambini, kila siku iliyopita ilikuwa siku moja zaidi ya kusubiri jeshi la Babeli litokee. Nadhani ni katika siku hizo Misri iligeuka kutoka wazo na kuwa mpango.

Jibu likaja: kaeni hapa nchini, msimwogope mfalme wa Babeli, Mungu atawajenga. Mkienda Misri, upanga na njaa mnavyovikimbia vitawafuata huko huko. Tusiwacheke kwa kuipenda Misri. Huko walitarajia kutoona vita, kutosikia baragumu, kutokosa mkate. Kwa akili ya kawaida lilikuwa chaguo la mtu mwenye busara, na hapo ndipo kumtii Mungu kunapouma. Kama jibu lingekuwa lile walilolitaka, wasingejua kama wametii au wamefuata tu hamu yao.

Walimjibu Yeremia kwamba anasema uongo. Sasa, kupima ushauri si dhambi. Ahabu aliwahi kuwa na manabii karibu 400 waliomwambia alichotaka kusikia, na walikosea. Lakini Yohanani na wenzake walikuwa na kipimo mkononi. Yeremia alikuwa amenena kwa takriban miaka 40, na alichosema kuhusu mji kilikuwa kimetimia mbele ya macho yao. Hawakugusa hilo. Walitafuta nia iliyojificha nyuma yake, wakampata Baruku, karani wake: eti ndiye anayemchochea ili wakabidhiwe kwa Wababeli. Lugha hii si tunaijua? Mtu akipinga hoja kwenye bunge la wanafunzi, kabla hajakaa ameshaambiwa katumwa na utawala.

Nayaandika haya nikiwa na deni. Nilipokuwa kiongozi wa darasa, nilimwendea mlezi wetu kumuuliza kama tufanye hafla ya kuagana katikati ya muhula. Nilimwambia, mzee, tunahitaji mwongozo wako, tuombee pia. Akaomba apewe wiki. Alipoita, alisema tusubiri boom litoke, kwa sababu wapo wasio na mkopo ambao watachangishwa kwa aibu. Nilimshukuru. Nilipotoka nikawaambia wenzangu kwamba mzee anasikiliza sana wale watu wa kamati ya zamani. Ukweli ni kwamba advansi ya ukumbi nilikuwa nimeshailipa kwa michango ya darasa, siku mbili kabla ya kugonga mlango wake.

Wenzetu kadhaa hawakuja. Mmoja wao nilikuwa nakaa naye chumba kimoja hosteli. Alisema anaumwa, na nilijua haumwi. Michango haikutosha, na sehemu ya pesa za watu hadi leo sijaimaliza kuirudisha.

Kuna mstari mmoja wa habari kwenye sura ya 43 ambao nilikuwa naupita bila kuuona. Yohanani alipoondoka kwenda Misri aliwachukua watu wote, na kati yao walikuwemo Yeremia na Baruku. Aliyewakataza kwenda akaenda nao hadi Tahpanesi, na huko aliendelea kusema nao.

Mlezi wetu alikuja kwenye hafla ile. Alikaa viti vya nyuma, akala, akapiga picha na kila aliyemwomba. Kuhusu advansi hakuniuliza chochote. Aliniuliza tu yule mwenzangu wa chumbani yuko wapi.