Picha Inapokwenda Bila Mwenyewe

Fomu za mashindano ya uchoraji ya wanafunzi hufanana karibu kila mahali. Kuna nafasi ya jina, umri, shule, jina la kazi, vipimo na vifaa vilivyotumika. Chini kabisa kuna kisanduku kitupu kilichoandikwa: "Eleza kazi yako." Hapo ndipo mwanafunzi aliyeshinda wiki nzima na brashi mkononi anapoanza kutafuna kalamu. Mwishowe hujaza sentensi ya aina hii: "Mchoro wangu unaonyesha umuhimu wa kutunza mazingira kwa kizazi cha sasa na kijacho." Anasaini, anampelekea mwalimu, biashara imekwisha.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la imani. Ubaya wake ni kwamba ingefaa chini ya mchoro wowote ule, uwe umetoka Pasiansi au Peru. Jaji aliyekwisha kusoma 30 za namna hiyo tangu asubuhi hana sababu ya kusita kwenye ya 31.

Na jaji huyo hahitaji kuambiwa kilichomo kwenye picha. Macho anayo. Anachokitafuta kwenye kisanduku ni yale ambayo karatasi haiwezi kuyasema yenyewe: rangi ile imetokana na nini, kwa nini mtu yule amegeuzia watu mgongo, mchoraji alisimama wapi alipoona alichokiona, na ni kitu gani alikiacha nje kwa makusudi.

Mfano uanzie nyumbani. Pasiansi ni kata ya Ilemela, jijini Mwanza, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege. Watu wengi nchini huijua kwa chuo chake cha mafunzo ya wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966, ambacho kimewatoa askari wengi wanaolinda hifadhi zetu. Lakini mwanafunzi wa sekondari aliyekulia huko ana ziwa karibu kuliko tembo. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, halipo mbali naye, na harufu ya dagaa wakavu anaijua kabla hajajua kusoma. Wafanyabiashara hufika pale kufunga magunia yanayovuka mipaka hadi Kongo, Rwanda na Burundi.

Tuseme mwanafunzi huyo, wa kidato cha tatu, amechora uvuvi wa dagaa usiku. Mitumbwi iko mbali, taa zinaelea juu ya maji meusi, hakuna mtu anayeonekana. Akiandika kwamba kazi yake "inaonyesha umuhimu wa uvuvi katika uchumi wa taifa," atakuwa amelitupa ziwa zima. Yapo mambo anayoyajua ambayo jaji wa Dodoma, Nairobi au Boston hayajui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa kuwavuta. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mwanga wa manjano. Siku hizi taa za betri na za sola zimeingia kwa wingi, na mwanga wake ni mweupe. Kwa hiyo rangi ya usiku wa ziwa imebadilika, na mtoto wa Mwanza ameyaona mabadiliko hayo bila kusafiri popote.

Hebu tumtungie maelezo ambayo angeweza kuyaandika:

"Nimechora usiku wa giza kwa sababu dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Taa za kushoto ni za manjano, ni karabai. Za kulia ni nyeupe, ni za betri. Babu alivua kwa zile za kushoto, kaka anavua kwa hizi za kulia. Sikuchora nyuso za wavuvi kwa kuwa ukiwa ufukweni huoni nyuso, unaona mwanga tu. Weusi wa maji nimeupata kwa masizi ya sufuria niliyochanganya na gundi."

Hayafiki hata maneno 70. Hayana neno "umuhimu," hayana "jamii," hayamwonyi mtu. Lakini ukirudi kuitazama picha baada ya kuyasoma, macho hayaendi tena ovyo: yanakwenda kushoto, kisha kulia, na ghafla zile taa ni vizazi viwili vya ukoo mmoja. Kuhusu masizi, hapo jaji atasogea karibu na karatasi ili ayaone. Mwanafunzi ambaye hakuwa na fedha ya rangi nyeusi ameugeuza upungufu wake kuwa sehemu ya kazi, na hakumlilia mtu.

Zingatia pia kwamba ameeleza jambo ambalo hakulichora. Wachoraji wengi wachanga hudhani kutoweka nyuso kutahesabiwa kuwa ni kushindwa kuchora nyuso, wakanyamaza wakitumaini hakuna atakayeona. Sentensi moja ya sababu huondoa shaka hiyo, mradi sababu iwe ya kweli. Kama kweli alishindwa kuchora nyuso, ni heri akanyamaza.

Usukumani mashindano ya sanaa si jambo la kuletwa na wafadhili. Wagika na Wagalu, makundi mawili makubwa ya ngoma, wamekuwa wakishindana tangu enzi za babu zao, hasa baada ya mavuno. Huko Kisesa, katika kituo cha utamaduni cha Bujora kilichojengwa na Padri David Clement, mashindano hayo yamepata uwanja wake wakati wa sherehe za Bulabo, mwezi Juni. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi hujulikana kwa kuangalia watazamaji wamekimbilia wapi. Mmoja ataleta nyoka, mwingine atarusha majembe juu na kuyadaka, mwingine atatia maneno makali kwenye wimbo. Umati ukianza kupungua, manju, yaani kiongozi wa ngoma, huona papo hapo na hubadilisha mbinu.

Mchoraji wa fomu hana bahati hiyo. Picha yake inafungwa kwenye bahasha, au inapigwa picha kwa simu ikatumwa, na yeye anabaki darasani akisubiri. Mtazamaji akichoka, hayupo wa kumvuta. Kile kisanduku cha maneno ndiyo nafasi pekee aliyopewa ya kusimama kando ya kazi yake na kufungua mdomo.

Wachoraji wakubwa wa nchi hii walilielewa jambo hilo kila mmoja kwa namna yake. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaenda London kuendelea na masomo ya sanaa, na baada ya uhuru akarudi huko kama balozi wa Tanganyika. Picha zake ni za mashamba, migomba, vilima na watu walioinamia kazi. Moja iliyomo katika hazina ya jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, aliichora mwaka 1956, na jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku." Ondoa jina hilo, na mtazamaji wa New York anabaki na watu wanaotembea gizani na mizigo. Kwa jina tu, Ntiro amemwambia ni nani, wanabeba nini, wanampelekea nani na saa ngapi.

George Lilanga alikwenda mbali zaidi. Mmakonde huyu, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kufariki mwaka 2005, alizoea kuzipa kazi zake majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima, mithili ya mtu anayekusimulia kilichotokea mtaani jana. Hakupunguza Kiswahili chake kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya. Walinunua hivyo hivyo.

Edward Saidi Tingatinga ni habari nyingine. Alizaliwa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za dari, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 baada ya kudhaniwa mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, lakini mengi yanayosomwa kuhusu maana ya wanyama wake yameandikwa na watu wengine, na watu hao hawakubaliani. Msanii asipoacha maneno, wengine watamwekea yao.

Mwanafunzi atajifunzia wapi kuandika hivyo? Somo la uchoraji lipo kwenye mitihani ya kidato cha nne, ila shule zinazolifundisha ni chache. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali ambamo sanaa ina nafasi yake, jambo la kheri, ingawa kupata walimu na vifaa kutachukua muda. Kwa sasa, tangazo la mashindano likifika shuleni hukabidhiwa mwalimu yeyote mwenye moyo: wa Kiswahili, wa Biolojia, pengine wa nidhamu.

Si hasara kubwa. Mwalimu wa Biolojia amewafundisha wanafunzi kuchora kilichopo badala ya wanachokidhania, na kuandika jina la kila sehemu. Mwalimu wa Jiografia anawafaa zaidi, kwa sababu usomaji wa picha umo kwenye somo lake: kitu gani kiko mbele, kipi katikati, kipi nyuma, na ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba picha imepigwa asubuhi au kiangazi. Anayeweza kujibu swali hilo kuhusu picha ya shamba la mkonge iliyomo kwenye mtihani anaweza kulijibu kuhusu mchoro wake mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba inaruhusiwa.

Lawama nyingine ziwaendee waandaaji. Mada zao hufika zikiwa tayari zimevaa nguo za mabango: tunza mazingira, pinga rushwa, zuia ajali. Mtoto akipewa kauli mbiu, atarudisha kauli mbiu. Afadhali mashindano yanayomtaka mshiriki aeleze safari yake ya kufikiri. Shindano la Ocean Awareness la taasisi ya Bow Seat ya Marekani, ambalo hupokea kazi za vijana wa miaka 11 hadi 18 kutoka nchi mbalimbali, humtaka kila mshiriki aambatanishe tafakuri ya maandishi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, nalo liliwahi kuendesha, kuanzia mwaka 1991, mashindano ya uchoraji ya watoto wa dunia nzima. Milango ipo, na haihitaji mtu awe na baba anayejua watu.

Kikwazo ni lugha. Mashindano mengi ya nje hutaka Kiingereza, na hapo mwanafunzi aliyekuwa na mambo ya kusema huanza kuokota maneno makubwa ya kamusi hadi yale mambo yenyewe yanapotea. Dawa ni kuandika kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho kinachomjia, hadi aridhike. Ndipo akae na mwalimu wa Kiingereza kuhamisha sentensi moja moja, fupi fupi. "Babu alivua kwa taa za kushoto" haimshindi mtu kuitafsiri. Kinachoshinda ni "mustakabali wa rasilimali za majini."

Kuna pia kishawishi cha kuiambia simu imwandikie. Programu za siku hizi zitatoa aya safi kwa sekunde chache, na aya hiyo itakuwa ndugu wa ile sentensi ya mazingira na vizazi, tena iliyopigwa pasi. Programu haijui kuhusu masizi ya sufuria mpaka iambiwe, na mwanafunzi akishaijua habari ya kuiambia, basi maelezo anayo tayari.

Kwa walimu wanaokusanya kazi muhula huu, ombi ni moja: kabla mwanafunzi hajaandika chochote, mkalishe mbele ya mchoro wake, mwulize amechora nini na kwa nini kiko pale, na mwenzake aandike majibu kama yanavyotoka mdomoni. Kisha mchoro upigwe picha mchana, kivulini, upimwe kwa sentimita, na nakala ya maelezo ibaki shuleni, kwani mashindano mengine hayarudishi kazi.