Hatuli Nguruwe, Lakini Tegu Wake Aweza Kufika Ubongoni Mwetu

Hapa Vwawa, makao makuu ya Wilaya ya Mbozi na ya Mkoa wa Songwe, Mwislamu akitajiwa maradhi yatokanayo na nguruwe huona hayamhusu. Nasi tulikuwa na dhana hiyo hiyo, mpaka tuliposoma matokeo ya utafiti uliofanyika katika wilaya hii, ilipokuwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya.

Mwaka 2009 watafiti walipita katika vijiji 13 vya Mbozi na kupima damu za watu 830. Watu 139, yaani asilimia 16.7, walikutwa na dalili za kuwa na lava hai wa tegu wa nguruwe mwilini. Miongoni mwao, 55 walipigwa picha ya kichwa kwa kipimo cha CT, na 30 wakaonekana na alama za vifuko vya lava ndani ya ubongo. Walioeleza kuwa wamewahi kuanguka kifafa, au kuumwa sana na kichwa kwa muda mrefu, ndio waliokutwa zaidi na maambukizi hayo.

Wamefikiwaje? Alaye nyama ya nguruwe yenye lava, isiyoiva, huota tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na choo kikubwa. Yakiingia kinywani mwa mtu mwingine, kwa maji, kwa mboga mbichi au kwa mkono mchafu, lava hutoka, hupenya utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Basi mgonjwa wa ubongo si lazima awe ameonja kitimoto. Yatosha kupikiwa chakula na mwenye tegu asiyenawa. Miaka ya mwanzo ya 1990, huko New York, maradhi haya yaliwapata Mayahudi washika dini wasiogusa nguruwe kabisa. Wachunguzi waliwashuku watumishi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu huyu ni wa kawaida.

Lililotugusa zaidi ni habari ya mikono. Katika utafiti wa Mbozi, wanaonawa kwa kutumbukiza mikono chomboni walikutwa na maambukizi zaidi kuliko wanaonawa kwa maji yanayotiririka. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku, tukifika kwenye khitma beseni moja huzungushwa mkekani, kumi wakachovya humo humo kisha wakaingia kwenye sinia la pilau. (Tusikane, tumeketi kwenye mikeka hiyo.) Kijana mmoja mwenye birika angetosha kuwamiminia wote.

Mtoto akianguka, wazee wengi husema ni jini. Asomewe ruqya, hatukatazi, lakini apelekwe hospitali pia. Dawa za kuzuia kifafa hunywewa kila siku, wala hazikatishwi ghafla bila idhini ya daktari. Vifuko vikiziba njia ya maji ya ubongo, huenda upasuaji ukahitajika. Na dawa za kuua lava zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha: lava wanapokufa, ubongo huweza kuvimba na degedege likazidi. Daktari huanza kwa picha ya kichwa, ajue vifuko viko wapi na ni vingapi, ndipo aamue dawa.